Ardhi ya Simiyu: Kwa Nini Uchunguzi Lazima Utangulie Sururu

Alfajiri ya Jumamosi, Januari 13, 2024, ardhi iliporomoka katika machimbo madogo ya dhahabu ya Ng'alita, Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, na kuwafukia wachimbaji waliokuwa kazini. Watu 22 walipoteza maisha. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa wakati huo na Mkuu wa Wilaya ya Bariadi, Simon Simalenga, walioathirika walikuwa watu wenye umri wa kati ya miaka 24 na 38, na eneo walilokuwa wakichimba lilikuwa limegundulika wiki mbili hadi tatu tu kabla ya ajali. Uchimbaji ulikuwa umezuiwa kutokana na mvua kubwa zilizokuwa zikiendelea kunyesha, na taratibu za kuhakiki usalama na mazingira ya eneo hilo zilikuwa hazijakamilika.

Taarifa hiyo ilieleweka na wengi kama habari ya watu waliokiuka katazo. Ndani yake, hata hivyo, lilikuwamo swali ambalo halikupata nafasi ya kutosha katika mijadala iliyofuata: katika wiki ambazo wachimbaji walitakiwa kusubiri, ni jambo gani hasa lililotakiwa kujulikana? Jibu la swali hilo linawahusu wachimbaji wa dhahabu, na linamhusu vilevile kila anayechimba kwa kina mkoani humo, awe ni mkandarasi wa mtaro wa bomba la maji, mjenzi wa tuta la reli au mwananchi anayechimba kisima nyuma ya nyumba yake.

Ardhi isiyofanana

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, umekaa juu ya sehemu ya msingi mkongwe wa miamba ambao wanajiolojia huuita Kratoni ya Tanzania. Umri wa miamba hiyo unazidi miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ni graniti, ambayo masalia yake yanaonekana kwa macho katika vilima vya mawe makubwa yaliyopangana kama yamewekwa kwa mkono. Katikati ya graniti imo mikanda ya miamba ya kijani yenye asili ya volkano, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa.

Ukongwe huo ndio chanzo cha ugumu wa kuielewa ardhi hii. Kwa mamilioni ya miaka jua na mvua vimeula mwamba kuanzia juu kwenda chini, lakini si kwa kina kinacholingana kila mahali. Mchimbaji anaweza kukuta mwamba mzima mita mbili kutoka usoni mwa ardhi na, hatua chache pembeni, akashuka makumi ya mita ndani ya mwamba uliooza. Mwamba wa aina hiyo huhadaa. Huhifadhi rangi, mistari na umbo la mwamba wa awali, lakini hupukutika mkononi. Ukuta wake ukiwa mkavu husimama wima kwa siku kadhaa na kumpa mchimbaji imani. Ukishalowa, hupoteza nguvu kwa muda mfupi.

Juu ya miamba hiyo kuna udongo ambao wakulima wa Usukuma wameufahamu na kuupa majina vizazi na vizazi. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinuko. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, mzito na wenye rutuba, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Mkulima wa pamba au mpunga huko Bariadi hahitaji maabara kumwambia mbuga inaanzia wapi. Ujuzi huo ni hazina. Mpaka wake ni kwamba unasoma uso wa ardhi na kina cha jembe, ilhali duara la dhahabu hushuka mita 20, 30 au zaidi, mahali ambapo rangi ya udongo wa juu haisemi lolote.

Kwa mhandisi, udongo wa mbuga una tabia mbili za hatari. Hufura unapopokea maji na kusinyaa unapokauka, hivyo husukuma kuta za shimo, huinua sakafu za nyumba na kupinda mabomba. Nyufa zake za kiangazi nazo huwa njia ya mvua za kwanza kushuka moja kwa moja hadi kwenye tabaka la chini, ambako hakuna anayeyaona maji yakikusanyika.

Mvua ilibadili nini

Zuio la kuchimba wakati wa mvua huonekana kwa baadhi ya wananchi kama tahadhari ya jumla, mfano wa kuambiwa wasisafiri usiku. Msingi wake, kwa kweli, ni hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kati ya tani moja na nusu na tani mbili. Kinachoushikilia uzito huo usianguke ni msuguano kati ya chembe na chembe, pamoja na gundi ya asili ya udongo wa mfinyanzi. Maji yanapoingia kati ya chembe huzisukuma zitengane na kupunguza msuguano huo. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 tu husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10. Kwa hiyo ukuta uleule, uliochimbwa na watu walewale kwa ustadi uleule, unaweza kuwa salama Jumatatu na ukawa kaburi Jumamosi, bila mtu kuugusa.

Msimu wa mvua wa 2023/2024, ulioambatana na El Niño, ulitoa funzo hilo mara mbili ndani ya wiki chache. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara viliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Serikali ilieleza baada ya uchunguzi wa awali kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa na mgandamizo na kumeguka. Wiki sita baadaye ilikuja Ng'alita. Matukio hayo yanatofautiana kwa ukubwa na kwa asili, kwa kuwa la kwanza lilitokea kwenye mteremko wa mlima na la pili ndani ya shimo lililochimbwa na binadamu. Yote mawili yalitokea kwenye ardhi dhaifu katika kipindi cha mvua kubwa.

Namna ardhi inavyohojiwa

Uchunguzi wa kijiolojia kabla ya uchimbaji wa kina hufanyika kwa hatua, na kila hatua hupunguza ubashiri uliobaki.

Hatua ya kwanza hufanyika mezani. Wataalamu hupitia ramani za kijiolojia zinazotunzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) yenye makao yake Dodoma, picha za anga, kumbukumbu za visima vya maji na historia ya machimbo ya zamani. Kipengele hiki cha mwisho kina uzito wa pekee Kanda ya Ziwa, kwa kuwa maduara yaliyoachwa na kufunikwa na nyasi hugeuka mitego iliyojaa maji karibu kabisa na ukuta wa duara jipya.

Hatua ya pili ni kutembea eneo lenyewe, kupima mwelekeo wa nyufa za mwamba na kutazama chemchemi na mikondo ya maji. Ufa unaoinamia ndani ya shimo ni sawa na ubao wa kuteleza, na ufa unaoinamia upande wa pili hausumbui sana. Tofauti hiyo huweza kupimwa kwa dira na kipimo cha mwinamo katika muda wa saa moja.

Hatua ya tatu ni kupima bila kuchimba, kwa kupitisha mkondo wa umeme au mtikisiko ardhini na kusoma unavyorudi. Njia hii huonyesha kwa makadirio mahali mwamba mzima unapoanzia na mahali penye maji.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo ya gharama kubwa zaidi, ni uchorongaji. Katika udongo, nyundo yenye uzito wa kilo 63.5 hudondoshwa kutoka kimo cha sentimita 76, na mafundi huhesabu mapigo yanayohitajika kulizamisha bomba la sampuli kwa sentimita 30. Mapigo machache ni dalili ya ardhi legevu. Mapigo mengi ni dalili ya ardhi iliyoshikamana. Katika mwamba, mtambo hutoa sampuli ndefu ya duara kama fimbo. Wataalamu hupima urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 au zaidi na kuulinganisha na urefu wote uliochorongwa. Uwiano ukizidi asilimia 90, mwamba huhesabiwa kuwa bora. Ukishuka chini ya asilimia 25, huhesabiwa kuwa dhaifu mno, na hakuna anayepaswa kuingia chini yake bila matimba au kinga nyingine. Bomba dogo huachwa ndani ya tundu hilo ili kina cha maji kiweze kusomwa kiangazi na masika.

Penye graniti, wachunguzi hawaridhiki mtambo unapogonga jiwe la kwanza. Katikati ya mwamba uliooza hubaki mawe makubwa mazima yanayoelea ndani ya udongo, na anayeyafikiria kuwa ndiyo mwamba wa chini hukosea hesabu yote. Ndiyo sababu uchorongaji huendelezwa mita kadhaa ndani ya mwamba kabla ya kuuthibitisha.

Pamoja na yote hayo, tundu la mchorongo ni mfano wa sindano katika gunia la nafaka. Katika ardhi inayobadilika kila hatua chache, uchunguzi haumaliziki siku kazi inapoanza. Kila mita mpya inayochimbwa hutoa ushahidi mpya, na mpango wa kazi hupaswa kubadilika ushahidi unapokataa makadirio.

Sampuli moja, maswali mawili

Serikali imeweka utafiti wa ardhi katikati ya mageuzi ya Sekta ya Madini. Dira ya 2030 ya Wizara ya Madini, yenye kaulimbiu ya Madini ni Maisha na Utajiri, inalenga kupanua eneo la nchi lililofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa kutumia ndege kutoka asilimia 16 hadi angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Oktoba 2023, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mitambo mitano ya uchorongaji iliyonunuliwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili waachane na uchimbaji wa kubahatisha. Mchango wa sekta katika Pato la Taifa ulifikia asilimia 10.1 mwaka 2024, na wachimbaji wadogo ni sehemu ya mafanikio hayo.

Hapa, hata hivyo, panahitajika kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Utafiti wa kujua madini yako wapi si utafiti wa kujua kama ardhi itasimama. Wa kwanza hutafuta thamani, na wa pili hutafuta udhaifu. Mchimbaji anaweza kupewa ramani sahihi ya mbale za dhahabu na bado akafukiwa akizifuata, kwa sababu dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi hukaa hasa mahali mwamba ulipopasuka na kukatika, yaani palepale ambapo ukuta ni dhaifu na maji yanapita.

Habari njema ni kwamba maswali hayo mawili yanaweza kujibiwa na sampuli moja. Mtambo unaposhuka kutafuta dhahabu huwa tayari umelipiwa mafuta, mafundi na usafiri. Kupima vipande vya mwamba kabla havijasagwa kwenda maabara, kuandika kina ambacho maji yalionekana na kuacha bomba la kupimia maji ndani ya tundu ni kazi ya saa chache zaidi. Taarifa hiyo ikiambatanishwa na matokeo ya madini, mwenye leseni ndogo atajua thamani iliyoko chini na pia mwinamo wa ukuta unaokubalika, mahali pa kuweka matimba na miezi ya kutochimba.

Kampuni za utafiti hufanya hivyo kama sehemu ya kawaida ya kazi. Katika Wilaya hiyo hiyo ya Bariadi, eneo la Dutwa, African Eagle Resources ya Uingereza ilitumia miaka kadhaa kuchoronga na kupima hifadhi ya nikeli bila mgodi kufunguliwa. Mchimbaji mdogo hana miaka wala mtaji huo. Pengo kati ya miaka ya kampuni na wiki tatu za Ng'alita ndilo ambalo huduma za umma zinapaswa kuliziba.

Zuio linalofanya kazi

Kisheria, msingi upo. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inataka leseni kabla ya uchimbaji, na Kanuni za Usalama, Afya na Utunzaji wa Mazingira Migodini za mwaka 2010 zinawapa wakaguzi nafasi ya kusimamia usalama. Tume ya Madini ina Maafisa Madini Wakazi mikoani. Ng'alita ilionyesha kwamba katazo linaweza kutolewa kwa wakati na bado watu wakaingia shimoni.

Sababu yake inaeleweka. Habari za dhahabu mpya zinaposambaa, watu humiminika. Kijana aliyeuza mbuzi ili anunue sururu na chakula cha wiki mbili huliona zuio lisilo na tarehe ya mwisho kama kupoteza kila kitu, huku akihofia kwamba mwingine ataingia usiku na kumtangulia. Zuio huheshimika zaidi linapoambatana na mambo matatu: maelezo ya kinachochunguzwa, muda ambao uchunguzi utachukua na uhakika kwamba nafasi ya aliyesubiri haitapotea. Mwananchi aliyeelezwa kwamba wataalamu wanasubiri kina cha maji kishuke ana sababu ya kusubiri. Aliyeambiwa tu kwamba eneo limefungwa hana.

Gharama ya kutosubiri inafahamika katika ukanda huu. Novemba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi; mwenzao wa sita alikuwa amefariki humo humo. Agosti 11, 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa wakati wa ukarabati wa maduara. Uokoaji katika matukio ya namna hiyo huwa wa polepole kwa sababu waokoaji nao wanachimba katika ardhi ileile, na kila koleo la haraka linaweza kuleta maporomoko mapya. Taarifa za ardhi ambazo hazikukusanywa kabla ya ajali ndizo zinazohitajika usiku wa ajali, na wakati huo haziwezi kupatikana.

Mbali na migodi

Umuhimu wa suala hili unaongezeka kadiri miradi ya umma inavyoongezeka mkoani. Mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW), unahusu kupeleka maji ya Ziwa Victoria kwa wananchi wa mkoa huo. Kazi ya namna hiyo ina maana ya mitaro mirefu inayopita mbuga, miinuko ya kichanga na mawe kwa zamu. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Juni 14, 2021, inapita Malampaka wilayani Maswa.

Katika kazi hizo, udongo wa mbuga huondolewa na kujazwa udongo mwingine, au huimarishwa, kabla ya kubebeshwa mzigo. Mwananchi anayeona malori yakisomba udongo mweusi na kurudisha mwekundu anaweza kudhani ni ubadhirifu. Ndiyo matumizi ya matokeo ya uchunguzi. Mtaro wa mita mbili au tatu nao unatosha kuua: fundi aliyefukiwa hadi kifuani kwa udongo wenye uzito wa tani hawezi kupanua mbavu zake avute pumzi, hata kama kichwa chake kiko nje.

Dalili za kuzingatia

Uchunguzi wa kitaalamu haumwondolei aliye kwenye shimo wajibu wa kutazama. Nyufa mpya sambamba na mdomo wa shimo, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu, vijiwe vinavyodondoka bila kuguswa na matimba yanayolia au kupinda ni dalili za kuondoka mara moja na kutoa taarifa. Kifusi kisirundikwe ukingoni, kwa kuwa uzito wake husukuma ukuta uleule uliochimbwa. Ukuta usichimbwe kwa kutoboa chini na kuacha mwavuli juu. Ukatwe kwa ngazi. Baada ya mvua kubwa, hakuna anayepaswa kushuka kabla ya shimo kukaguliwa, hata kama jua limewaka siku mbili, kwa kuwa maji huendelea kushuka ndani ya ardhi siku nyingi baada ya mawingu kutoweka.

Wenye leseni na vikundi vinavyokusudia kufungua maduara mapya wanapaswa kufika katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla ya kuanza, na kuuliza maswali yote mawili: nini kiko chini, na je, ardhi itasimama? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika machimbo, anayepuuza ufa huenda asipate nafasi ya kujenga chochote. Gharama ya kuichunguza ardhi ya Simiyu kabla ya kuichimba inahesabika kwa mafuta ya mtambo, siku za mafundi na subira ya wachimbaji. Gharama ya kutoichunguza ilihesabiwa Bariadi, Januari 2024, kwa idadi ya familia 22.